Ulimi wa Marchand Tunaucheka, Kiwiko Chake Tumekisahau

Usiku wa tarehe 4 Mei 2018, katika mechi ya hatua ya mtoano ya ligi ya hoki ya barafuni ya NHL, Brad Marchand wa Boston Bruins alisimama pua kwa pua na Ryan Callahan wa Tampa Bay Lightning, akatoa ulimi, akamlamba usoni. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amemfanyia vivyo hivyo Leo Komarov wa Toronto. Kesho yake ligi ilimwonya kwamba akirudia ataadhibiwa, lakini picha ilikuwa imekwisha kusambaa, na hadi leo mpwa wangu hunitumia ile video kila Bruins wanapotajwa, naye hucheka kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

Sina ugomvi na kicheko hicho. Hoki ina wachezaji ambao kazi yao ni uchokozi: wanamsumbua mpinzani kwa maneno na vikumbo vidogo vidogo hadi ashindwe kuvumilia, arudishe ngumi, atolewe kwa dakika mbili na timu yake ibaki pungufu. Mwaka 2008 Sean Avery wa New York Rangers aliupa mgongo mchezo, akasimama mbele ya kipa Martin Brodeur wa New Jersey akimpungia fimbo na mikono usoni ili asione kitu, na kwa kuwa hakuna kanuni iliyokataza jambo hilo waziwazi, ligi ililazimika kutoa tafsiri mpya siku iliyofuata. Hakuna aliyeumia. Utani wa namna hiyo ni haki ya shabiki, na hata rais Barack Obama, alipowakaribisha Bruins Ikulu ya Marekani mwezi Januari 2012, alimtaja Marchand kwa lile jina lake la Donge Dogo la Chuki, ukumbi ukacheka.

Kinachonisumbua ni kwamba kicheko hicho hakichagui. Msimu uleule wa ulimi, mwezi Januari, Marchand alimpiga Marcus Johansson wa New Jersey kwa kiwiko kichwani. Johansson alipata mtikisiko wa ubongo na kukosa mechi zote zilizosalia za msimu wa kawaida, ilhali aliyempiga alifungiwa mechi tano. Mwulize shabiki yeyote kuhusu Marchand wa mwaka 2018 naye atakusimulia ulimi kwa furaha, lakini jina la Johansson halitamtoka mdomoni. Kituko kimemeza jeraha. Mchezaji akishakuwa kichekesho, kila analolifanya huwekwa katika kapu moja la vituko, na kiwiko cha kichwani hutajwa kwa sauti ileile ya "si unamjua alivyo".

Katika fainali ya mwaka 2011, mwamuzi akiwa karibu, Marchand alimtwanga Daniel Sedin wa Vancouver ngumi kadhaa za usoni mfululizo, naye Sedin hakurudisha hata moja. Alipoulizwa sababu, Marchand alijibu kwamba alijisikia tu kufanya hivyo. Mashabiki wengi wa Boston waliligeuza jibu hilo kuwa mzaha wa kudumu, na Sedin, mtu aliyepigwa akajizuia, ndiye aliyechekwa. Mimi naona hapo utani ulivuka mpaka, kwa sababu ulimwadhibu mwenye subira.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwezi Mei 2024 Sam Bennett wa Florida Panthers alimpiga Marchand ngumi ya kichwa katikati ya mchezo bila kuadhibiwa, na Marchand akakosa mechi mbili. Mashabiki walewale waliokuwa wakisema hoki si mchezo wa watu laini walidai haki kwa hasira, nao walikuwa na haki ya kudai. Ila walipaswa kudai vivyo hivyo kwa ajili ya Johansson. Mwaka uliofuata Marchand alihamia Panthers, akacheza pamoja na Bennett na kunyakua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, akifunga mabao sita katika fainali, na kila waliposhinda nyumbani wachezaji wenzake walimrushia kwa fimbo zao panya wa plastiki waliotupwa na mashabiki kwenye barafu, kwa kuwa Panya ni jina lake jingine la utani. Utani ule niliupenda, kwa kuwa mwenyewe alikuwepo, alijua anataniwa, na aliufurahia.

Wa Boston, kuliko wengine wote, hawana kisingizio. Mwezi Machi 2010 nyota wao Marc Savard alipigwa kichwani na Matt Cooke wa Pittsburgh, ambaye hakuadhibiwa wala kufungiwa hata mechi moja, na ni tukio hilo lililochochea ligi kuandika kanuni mpya dhidi ya mapigo ya kichwani. Savard alirudi uwanjani, akaumia tena kichwa Januari 2011, na hakucheza tena kamwe. Miezi mitano baadaye Bruins walitwaa kombe, wakaiomba ligi iruhusu jina lake lichongwe pamoja na ya wenzake, na ligi ikakubali. Liko pale kwenye fedha ya kombe hadi leo, katika orodha moja na jina la Marchand.