Ulaya iliwafungia Wakurdi mlango wa haki

Wakenya wa rika langu wanalijua jina la Abdullah Öcalan kwa sababu alikamatiwa Nairobi. Februari 1999 kiongozi huyo wa PKK, kundi la Wakurdi lililopigana kwa silaha na serikali ya Uturuki, alikuwa kajificha nyumbani kwa balozi wa Ugiriki; alipotolewa kwenda uwanja wa ndege, aliishia mikononi mwa makachero wa Uturuki. Juni akahukumiwa kifo. Lakini Desemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliikubali Uturuki kuwa mgombea wa uanachama, na nchi yenye kunyonga haipokelewi huko. Agosti 2002 Bunge la Ankara lilifuta hukumu ya kifo wakati wa amani. Öcalan akabaki kifungoni kisiwani İmralı.

Simtetei. PKK imeua raia, walimu wakiwamo. Ninachosema ni kwamba tamaa ya kuingia Ulaya ilifanya kazi ambayo lawama tupu hazikuifanya.

Mtazame Leyla Zana, mwanasiasa Mkurdi wa Uturuki. Mwaka 1991 alikula kiapo cha ubunge, akaongeza sentensi moja ya Kikurdi kuhusu udugu wa Waturuki na Wakurdi, ukumbi ukachafuka. Mwaka 1994 alihukumiwa miaka 15, eti mwanachama wa kundi la silaha. Alifunguliwa Juni 2004, miezi michache kabla viongozi wa Ulaya hawajaamua kama mazungumzo ya uanachama yaanze. Mwezi huohuo televisheni ya taifa ikaanza kurusha vipindi vifupi vya Kikurdi. Sadfa? Mimi siamini.

Mazungumzo yalianza Oktoba 2005, na hapo ndipo Ulaya ilipoharibu. Sarkozy wa Ufaransa na Merkel wa Ujerumani walisema wazi kwamba Uturuki ipewe ushirika maalumu, si uanachama. Kupro nayo, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa ugomvi wake na Ankara ambao una msingi, ikazuia sura kadhaa, yaani mada, za mazungumzo, ikiwamo ya 23. Hiyo ndiyo sura ya mahakama na haki za msingi! Haijawahi kufunguliwa. Kila mwaka Brussels hutoa ripoti ya kulalamikia mahakama za Uturuki, huku meza ya kuzijadili imefungiwa na Ulaya yenyewe.

Machi 2016 Ulaya na Uturuki zikapatana juu ya wakimbizi: mabilioni ya euro kwa Uturuki ili wasivuke bahari. Wakati huo mitaa ya Cizre na Sur, maeneo ya Wakurdi, ilikuwa imeshabomolewa kwa vita vya jeshi na wapiganaji wa Kikurdi. Novemba mwanasiasa Mkurdi Selahattin Demirtaş, ambaye chama chake kilipata zaidi ya asilimia 13 ya kura Juni 2015, akatiwa ndani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliamuru 2020 aachiwe, Ankara ikapuuza. Ingehofia kupoteza nini?

Kuna wanaosema haki za Wakurdi ziamuliwe na Waturuki na Wakurdi wenyewe. Sawa, na Mei 2025 PKK ilitangaza kujivunja. Lakini ibara ya 42 ya katiba bado inakataza lugha yoyote isipokuwa Kituruki kufundishwa shuleni kama lugha ya mama. Kupro iondoe pingamizi lake kwenye sura ya 23, hata kama nyingine zote zitabaki zimefungwa.