Gemu Ni Yangu, Namba Ni ya Mama wa Kitale

Jamani, mimi si mtu wa makuu. Siulizi habari za ploti Kitengela, siulizi gari. Naulizia gemu yangu moja tu, na nililipa.

Inaitwa Spec Ops: The Line. Ukiitaja pale kibandani kwetu Umoja, vijana wanakwambia toka hapo mbele ya skrini, mzee, kuna foleni ya FIFA. Hawaijui. Ilitoka 2012, ikatengenezwa na Yager, kampuni ya Berlin. Kapteni Walker na wanajeshi wenzake wawili wanaingia Dubai iliyofukiwa na mchanga, wanamtafuta kanali aliyepotelea humo na kikosi chake. Jirani yangu mwenye duka Eastleigh alipitia kwangu akaona picha hizo, akashika kichwa. Mzigo wake ulikuwa bado uko Dubai.

Ukiitazama juu juu ni bunduki tu, ni hizi hizi za kujificha nyuma ya ukuta na kufyatua. Lakini haikupigii makofi. Kuna mahali unawamwagia adui fosforasi nyeupe. Uko mbali, unaona vidoa tu kwenye skrini, unajisikia mkali kweli kweli. Halafu unatembezwa pole pole katikati ya ulichofanya, unakuta walioungua ni pamoja na raia waliokuwa wamehifadhiwa pale, akina mama na watoto. Na kukataa huwezi, hadithi haisongi mpaka umwage. Mbele huko, ukingoja sehemu ifunguke, maandishi yanakuuliza kama bado unajiona shujaa. Nilimwachia kijana mmoja wa ploti yetu ajaribu. Baada ya muda akanirudishia kompyuta: "Budaa, hii gemu inanisema kuliko mathe."

Ndiyo maana haikuuza walivyotarajia. Mtu amesemwa na bosi mchana kutwa, amesemwa na kondakta kwa kutoa noti ya elfu asubuhi, jioni alipie tena asemwe na kompyuta?

Basi Januari 2024 ikaondolewa Steam, na maduka mengine ya mtandaoni yakafuata. 2K walioichapisha wakasema kuna leseni za washirika zinaisha muda. Watu wote wakaelekeza kidole kwenye muziki, maana mle ndani kuna Jimi Hendrix na Deep Purple, na hao hawapigwi bure. Sawa, msanii ale jasho lake. Lakini kinyozi wangu naye analipia leseni ya muziki kila mwaka, ana stika pale kwenye kioo. Mwaka aliochelewa, wakaguzi walipokuja, alizima redio tukanyolewa kimya kimya. Hakuna aliyebomoa kinyozi!

Wenye akili watasema tafuta sidii. Nimezunguka Moi Avenue, ipo, ya PlayStation 3. Na PlayStation 3 yangu iliungua siku stima iliporudi kwa hasira.

Hata hivyo waliokwisha kuinunua kabla haijaondolewa waliachiwa, wanaweza kuipakua wakati wowote. Na mimi ni mmoja wao! Duka nililonunulia silitaji, sitaki kesi. Kompyuta ikafa, nikapata nyingine, nikaweka paswodi sahihi. Duka likasema vizuri sana, sasa tunatuma tarakimu kwenye simu yako. Simu ipi? Ile laini ya zamani, ambayo ilikaa droo bila kuongezwa salio mpaka kampuni ikaichukua na kumuuzia mtu mwingine. Bila hata kunipigia. Najua, wangenipigia kwa namba gani.

Nikawaandikia wahudumu. Wakajibu kwa ule upole unaokera, niwatumie tarakimu za mwisho za kadi niliyolipia. Kadi hiyo ilimezwa na mashine ya benki tangu enzi za barakoa. Kule California wana sheria iliyoanza Januari 2025, kwamba duka likikuuzia kitu cha kidijitali likwambie wazi unapewa leseni tu, inayoweza kuondolewa. Mwenzetu wa huko anaumizwa akiwa na taarifa.

Ikabidi niipigie namba yangu mwenyewe. Akapokea mama mmoja, yuko Kitale.

"Habari yako, mama. Samahani, kuna tarakimu zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

Kimya. Kisha: "Wewe ni wa Kamiti."

"Hapana mama, mimi niko Umoja."

"Wote husema hivyo. Jana mwingine alisema ametuma pesa kimakosa. Huna aibu? Mama yako anajua uko jela?"

Nikamweleza kwamba ni gemu. Ya wanajeshi. Imefukiwa na mchanga Dubai. Nilivyozidi kueleza ndivyo kifungo changu kilivyoongezeka. Akakata.

Nikampigia tena jioni, nikamtumia picha ya kitambulisho, nikamtajia chifu wa kwetu. Akalegea. Akasema atasoma, ila yeye pia amesumbuliwa, nimtumie mia tano ya usumbufu kwanza. Nikatuma. Akavaa miwani, akasoma tarakimu zote vizuri, hakuruka hata moja.

Muda wa tarakimu hizo ulikuwa umeisha.

"Mama, naomba tena, nimeagiza nyingine."

"Hakuna shida, kijana wangu. Na hiyo nyingine ni mia tano."