DNA Haijinakili Yenyewe

Juzi jioni, hapa Nkuhungu, mtoto wa kaka yangu alikuwa barazani anakariri biolojia kwa sauti. Yuko kidato cha sita. Sentensi moja kuhusu DNA, ule uzi wa maelekezo ya urithi ndani ya seli, aliirudia mara tano kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: DNA hujinakili yenyewe. Mara ya sita nikamwambia alete hiyo karatasi. Kivuli cha kivuli cha notsi za tuisheni, wino umefifia, mada nzima imepewa mistari mitatu. Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaisha.

DNA haijinakili yenyewe! Ukiiacha peke yake itakaa hapo hapo ilivyo. Wanaofanya kazi ni vimeng'enya, protini zinazoendesha shughuli za seli, na utamu wote uko kwenye hiyo kazi.

Nikachukua jaketi lake, maana upepo wa Julai ulikuwa umeshaanza, nikafungua zipu taratibu. DNA ni nyuzi mbili zilizoshikana kama zipu, na kimeng'enya kiitwacho helikasi kinazitenganisha hivi. Nyuma yake inakuja polimerasi, kimeng'enya cha kunakili, inapachika herufi za DNA: A mbele ya T, G mbele ya C. Sasa, polimerasi ni kama cherehani: inashona kwenda mbele tu. Na zile nyuzi mbili zimelala mzungu wa nne. Upande mmoja unashonwa mfululizo kadiri zipu inavyofunguka. Upande wa pili fundi anaipa zipu mgongo, anashona kipande, ananyanyua sindano, anarudi pale zipu ilipofikia, anaanza kingine. Kwetu binadamu kila kipande kina herufi 100 hadi 200 hivi, kisha kimeng'enya kingine, ligasi, kinaviunga. Wanasayansi Reiji na Tsuneko Okazaki na wenzao ndio waliovigundua vipande hivyo, kule Nagoya, Japani, miaka ya 1960.

Herufi bilioni 6 kwa seli moja, ndani ya saa 8 hivi! Inawezekana kwa sababu zipu inafunguliwa maelfu ya mahali kwa pamoja. Polimerasi ikikosea inarudi kuing'oa herufi, wakaguzi wengine wanapita nyuma yake, mpaka linabaki kosa kama moja katika herufi bilioni. Na tunajua herufi moja inaweza kufanya nini. Tumekesha na watoto wenye selimundu, ugonjwa unaotokana na T iliyokaa mahali pa A, ikarithiwa kutoka kwa baba na mama.

Haya, najua darasa limefurika na mwalimu anakimbizana na mtihani. Lakini zipu ipo kwenye nguo ya kila mtoto.

Kijana alilichukua jaketi, akakaa nalo kimya. Kisha akashika pindo la chini. "Shangazi, huku mwisho cherehani ikikosa pa kuanzia, si kila tukinakili uzi utapungua?"

Wanasayansi Blackburn, Greider na Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya ncha hizo hizo za nyuzi za DNA. Nikavuta kigoda karibu, tukaanza upya, safari hii kutokea kwenye pindo.