Muziki wa John Barry juu ya anga la Kenya: ni mkubwa kwa nani?

Ndani ya Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, kuna sehemu moja ambayo hata wasioipenda filamu hiyo huikumbuka. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, amekuja na kindege cha manjano kisicho na paa, na mpenzi wake Karen Blixen, mwenye shamba kutoka Denmark, ameketi kiti cha mbele. Wanapaa. Chini yao inapita nchi ya Kenya: mabonde, mito, makundi ya wanyama, kisha ziwa lenye heroe wanaoinuka kwa maelfu. Hakuna anayesema neno. Karen ananyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka, na Denys anaushika. Muda wote huo anayezungumza ni John Barry: fidla nyingi zikipanda taratibu, baragumu za okestra zikijibu kwa chini, mahadhi yasiyo na haraka yoyote.

Muziki huo ulimpa Barry tuzo ya Oscar, na filamu yenyewe iliondoka na Oscar saba. Mtunzi huyu, Mwingereza mzaliwa wa York, alipata Oscar tano maishani mwake, na tatu kati ya hizo zilitokana na filamu zilizopigwa Kenya: mbili za Born Free ya 1966, moja ya muziki na nyingine ya wimbo, kisha hii. Na katika filamu zote mbili mahadhi makuu, yale yanayobaki kichwani, yametoka kwenye mapokeo ya okestra ya Ulaya.

Ndiyo maana muziki huu unagawa watu. Wapo wanaouweka miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kutungwa kwa ajili ya sinema. Wapo, na wengi wao ni watu wa kwetu, wanaosema kwamba ni pazia zuri lililotandikwa juu ya nchi ya watu wengine. Nadhani pande zote mbili zimeshika kitu cha kweli, ila si kile zinachodhani zimeshika.

Tuanze na wanaolalamika, maana hoja yao ina uzito. Shamba la Blixen lilikuwa chini ya vilima vya Ngong. Waliolima kahawa yake walikuwa Wakikuyu, jirani zao Wamaasai, na msimamizi wa nyumba yake, Farah, alikuwa Msomali. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa bubu. Kulikuwa na nyimbo za kazi, za tohara, za harusi, kulikuwa na kasida. Lakini filamu inatupa tukio ambalo Denys anapiga gramafoni porini, klarineti ya Mozart inasikika, na nyani wanasogea kusikiliza. Naye anastaajabu kwamba viumbe hao hawajawahi kusikia sauti iliyotengenezwa na mwanadamu, na ya kwanza kuwafikia ni Mozart. Mtetezi atasema, na kwa haki, kwamba anawazungumzia nyani, si watu. Hata hivyo, wazo lililomo ndani ya tukio hilo ni kwamba nchi ilikuwa kimya mpaka gramafoni ilipofika. Muziki wa Barry unakuja juu ya wazo hilo hilo na kulipamba. Mtazamaji wa Ngong ana haki ya kuuliza: sisi tulikuwa wapi?

Sasa upande wa pili. Filamu ile haisimulii habari za Kenya. Inasimulia kumbukumbu za mwanamke wa Denmark aliyekwisha kuzeeka, akiwa mbali, akikumbuka shamba ambalo si lake tena. Sauti yake ya uzeeni ndiyo inayofungua hadithi. Barry alilielewa hilo kuliko mtu yeyote aliyeshiriki katika kazi ile. Rudi kwenye ile sehemu ya kindege ukazime sauti. Utaona watu wawili wenye furaha, utaona mandhari ya kuvutia watalii, basi. Washa sauti. Picha bado ina furaha, lakini fidla zina majonzi. Zinakwenda polepole mno kwa watu wanaoruka angani kwa mara ya kwanza pamoja. Muziki unajua kwamba Denys atakufa katika ndege kama hiyo, kwamba shamba litauzwa, kwamba huyu mwanamke ataondoka na hatarudi. Wao hawajui bado. Mtazamaji naye hajui, ila kuna kitu kimeshaanza kumkaba koo.

Hapa ndipo ninapouona ukubwa wa muziki wa filamu: pale unapojua jambo ambalo picha bado haijalisema. Kukumbukwa huja baadaye, na wakati mwingine hakuji kabisa.

Kuna msemo wa siku nyingi miongoni mwa watu wa sinema kwamba muziki bora ni ule usiousikia. Siukubali hivyo ulivyo, lakini siutupi. Chukua Jaws ya Steven Spielberg, ya 1975. Kila mtu anaijua ile sauti ya papa ya John Williams, noti mbili zinazokaribiana, zikirudiwa na kuongeza kasi. Inasikika, tena kwa nguvu. Ila angalia jinsi ilivyotumiwa. Kuna siku ufukweni ambapo watoto wawili wanaogelea na pezi la bandia na kuutisha umma mzima. Watu wanakimbia, wanakanyagana, na muziki haupigi hata noti moja. Mtazamaji makini anaweza kugundua kabla ya polisi kwamba pale hapana papa. Williams na Spielberg wamekupa ahadi: noti zile zikilia, papa yupo. Halafu, baada ya kuijenga imani yako kwa muda mrefu, wanaivunja. Mkuu wa polisi yuko mkiani mwa boti akitupa chambo majini, na papa anaibuka bila onyo lolote la muziki. Watu waliruka vitini kwa sababu ya kimya kile. Noti mbili zimekuwa maarufu duniani, lakini zilipata nguvu kutokana na mahali ambapo hazikupigwa.

Hata Alfred Hitchcock alikosea hesabu hiyo mara moja. Kwa Psycho, ya 1960, alitaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliutunga hata hivyo, akampigia, na Hitchcock akakubali. Filamu nzima imepigwa kwa ala za nyuzi peke yake, na fidla za bafuni zinapiga mayowe. Kwa hiyo hakuna kanuni ya kusema kimya ni bora kuliko sauti. Kuna kujua tu tukio linabeba nini lenyewe, na nini linakosa.

Mwambao wetu una mfano wake, ingawa si wetu kwa kuzaliwa: Sholay, ya 1975, filamu ya Kihindi ambayo vizazi kadhaa vya Waswahili vimeitazama mpaka kuyajua maneno. Ukimtajia mtu Sholay, ataanza na nyimbo au na kicheko cha jambazi Gabbar. Mimi humrudisha kwenye jambo dogo la mtunzi wa muziki wake, R. D. Burman. Jioni, Radha, mjane kijana mwenye sari nyeupe, anapita barazani akizima taa moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya ua, Jai amekaa akipuliza harmonika. Hawazungumzi. Mila haiwaruhusu hata kutazamana sana. Harmonika ile ndiyo posa, ndiyo barua, ndiyo mazungumzo yao yote. Miaka saba kabla yake, Ennio Morricone alikwisha kufanya jambo la aina hiyo katika Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone: mwanamume asiye na jina anapuliza harmonika badala ya kujieleza, na mpaka mwisho kabisa ndipo tunapoambiwa ile ala aliwekewa mdomoni na nani, siku gani, na kwa ukatili gani. Filamu hiyo hiyo inaanza bila muziki kwa dakika nyingi. Majambazi watatu wanangoja treni, kinu cha upepo kinakwaruza, tone la maji linadondoka juu ya kofia, nzi anamsumbua mmoja usoni. Morricone alikuwa ametunga muziki wa filamu hiyo kabla haijapigwa, na Leone akaupigisha wakati waigizaji wakiwa kazini. Mtu mwenye muziki wa namna ile mkononi, na bado akaanza na kinu kinachokwaruza! Huo ni ujasiri ninaouheshimu sana.

Turudi Afrika, kwa sababu kuna jibu ambalo Hollywood yenyewe imejaribu kulitoa kwa malalamiko ya Ngong: weka ala za Kiafrika, lete sauti za Kiafrika. The Lion King ya 1994 inafunguka kwa sauti ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto, akiita kwa Kizulu huku jua likichomoza juu ya mbuga. Wachoraji wake walitembelea Hell's Gate, karibu na Naivasha. Wahusika wanaitwa Simba, Rafiki, Pumbaa. Kwa kipimo cha ramani, hapo kuna mchanganyiko: mwito wa kusini, majina ya Kiswahili, mandhari ya Bonde la Ufa, na mtunzi Mjerumani, Hans Zimmer. Black Panther ya 2018 ni vivyo hivyo. Ludwig Göransson, Msweden, alikwenda Senegal, akafuatana na mwanamuziki wa huko, Baaba Maal, akarudi na mlio wa tama, ile ngoma ya kwapani ya Afrika Magharibi, akampa mfalme T'Challa. Mara nyingine wahusika wanazungumza Kixhosa. Zote mbili zilipata Oscar ya muziki.

Je, hilo limetibu tatizo? Kwa sehemu, ndiyo, na sitaki kulidharau. Watoto wa Afrika waliosikia sauti inayofanana na ya bibi zao ikifungua filamu ya mamilioni ya dola walipata kitu ambacho Barry hakuwapa. Lakini ukichunguza kwa nini muziki wa filamu hizo unafanya kazi, ala si jibu kamili. Hans Zimmer alifiwa na baba yake akiwa na miaka sita, na amesema wazi kwamba kazi ile ilimrudisha kwenye msiba huo. Kwaya inayofuata kifo cha Mufasa, baba yake Simba, inaomboleza kwa kweli. Naye Göransson alimpa Killmonger, adui wa T'Challa, filimbi ya Kifulani, kisha akaizungushia midundo ya hip-hop ya mashine. Kwa sekunde chache tu umeshaambiwa huyu ni nani: damu ya Afrika iliyolelewa mtaa wa Marekani, na vitu hivyo viwili havijapatana ndani yake. Filimbi peke yake ingekuwa pambo.

Kinyume chake pia kipo. Henry Mancini alitunga muziki wa Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutoka 1962. Ile sehemu ya ndovu wadogo wakimfuata mwanamke kwenda kuoga ni boogi-woogi ya Kimarekani tupu, na klarineti ndogo inachezacheza juu yake. Haina Arusha ndani yake. Ila Mancini aliutazama mwendo wa ndovu, ule wa kuyumba na kuburuta, na akaunasa. Leo muziki huo unajulikana kuliko filamu yenyewe.

Kwa hiyo ninamtetea Barry, ila simpi kila kitu. Alitakiwa kutunga muziki wa kumbukumbu za Karen Blixen, naye akautunga kwa ukamilifu ambao wachache wameufikia. Ukamilifu huo ndio unaotuumiza, kwa kuwa umetufanya tuione nchi yetu kwa macho ya anayeiaga. Tatizo halikuanzia kwenye fidla. Lilianzia kwa aliyeamua ni nani atakayekumbuka. Kumwekea Karen marimba na ngoma za Kikuyu chini ya huzuni yake kungekuwa uongo mbaya zaidi, kwa sababu kungetumia sauti za watu kuomboleza kuondoka kwa mwenye shamba. Farah akipewa filamu yake, Barry hatafaa hata kidogo. Wala ngoma hazitafaa kwa sababu tu ni Afrika. Farah ni Msomali, Muislamu, mtu anayeisikia gramafoni ya bwana kutoka chumba cha pili. Mtunzi wake ataanzia hapo.

Na hili linatuhusu sisi tunaotengeneza filamu Dar es Salaam na Nairobi. Katika nyingi za Bongo Movie kinanda huanza kulia sekunde ya kwanza na hakinyamazi, kinapita juu ya mazungumzo, kinatangaza huzuni kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Wengi husingizia fedha. Okestra ni ghali, ni kweli. Lakini sauti ya papa ya Williams ina noti mbili, na mapenzi yote ya Jai na Radha yamebebwa na harmonika moja. Mtunzi kwetu huitwa picha ikiwa imeshakatwa, tarehe ya kutoka imeshatangazwa, na anapewa siku chache ajaze mapengo. Aitwe wakati hadithi ingali inaandikwa, aulizwe inatazama kwa macho ya nani, na aruhusiwe kumwambia mwongozaji kwamba dakika kumi za mwanzo hazihitaji muziki wowote.