Mzee akiruhusiwa kutoka hospitalini, nini huamua aende wapi?

Wazee wawili wamevunjika nyonga, wamefanyiwa upasuaji wa aina moja, na siku ya tano wote wawili wanapata alama 60 kati ya 100 kwenye kipimo cha Barthel, kile kinachoangalia kula, kuoga, kuvaa, kuzuia haja, kuhama kitandani, kutembea na kupanda ngazi. Mmoja anarudi nyumbani. Mwingine anapelekwa kituo cha utengamao, yaani cha mazoezi ya kurudisha nguvu, na huenda akaishia huko. Mara nyingi kinachowatenganisha ni jambo moja: saa nane za usiku, haja ikimbana, nani yuko karibu?

Alama 60 zinaficha mengi. Kuoga kuna alama 5 tu. Kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna 15. Aliyepoteza alama nyingi kwenye kuoga, kuvaa na ngazi anatosheka na mtu wa kumsaidia asubuhi, halafu mtu huyo akaenda zake. Aliyezipoteza kwenye kuhama, mkojo na kutumia choo anahitaji mtu usiku na mchana, kwa sababu kibofu hakina ratiba. Anayetaka kujua mzee aende wapi asome mstari mmoja mmoja wa fomu, asiishie kwenye jumla.

Wanaotetea kituo wana hoja nzito. Baada ya kiharusi au nyonga kuvunjika, mazoezi ya kila siku chini ya mtaalamu wa viungo hayapatikani kirahisi sebuleni. Mzee anayehitaji watu wawili kumwinua hawezi kuachiwa binti mmoja. Mgongo wa binti utaumia, na mzee atabaki kitandani mpaka apate vidonda vya kulalia. Nyumbani kusiko na msaidizi, mzee anaweza kuanguka tena na kurudishwa wodini kabla mwezi haujaisha.

Hoja ya nyumbani nayo ina uzito wake. Mzee anayajua mazingira yake, anatembea kwenda jikoni bila kuombwa, na hakai karibu na maambukizi ya wagonjwa wengine. Kwa mwenye shida ya kumbukumbu, kila kuhamishwa kunamchanganya upya. Tena kuna hili lisilosemwa wazi: makao ya muda hugeuka ya kudumu. Chumba chake hupewa mtu mwingine, familia huzoea, na miguu hulegea. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguuni. Aliyekuja hospitalini akiwa mgonjwa anaanzia pabaya zaidi.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa kuliko yote ni kuamua makao ya kudumu mzee akiwa katika hali yake mbaya kabisa. Kuchanganyikiwa ghafla kwa sababu ya maambukizi, dawa za usingizi, kufunga choo au kukosa miwani na kifaa cha kusikia kunaweza kuchukua siku hata wiki kadhaa kuisha. Anayempima siku hiyo anaandika “hajitambui”, na neno hilo linamfuata. Kabla ya kuandika, aulizwe mtu aliyeishi naye: wiki mbili kabla ya kulazwa alikuwa anafanya nini mwenyewe? Uingereza imejaribu kupunguza kosa hili kwa kumrudisha mzee nyumbani kwanza, kisha mahitaji yake ya muda mrefu yakapimwa hukohuko. Ni utaratibu mzuri ikiwa msaada unaanza siku hiyohiyo. Ukichelewa, mzee ametelekezwa tu.

Halafu kuna pesa na vitanda. Huko Marekani, Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hulipia kituo cha uuguzi ikiwa tu mzee amelazwa rasmi siku 3 mfululizo. Siku alizowekwa chini ya uangalizi tu hazihesabiwi, hata kama kitanda kilikuwa kilekile. Wodi ikijaa, nafasi iliyo wazi leo hushinda nafasi inayofaa kesho. Na mzee mwenyewe huulizwa mwisho, wakati gari limeshaitwa, ingawa akiwa na akili timamu ana haki ya kuchagua hata lenye hatari.

Mabishano mengi yanaweza kupimwa palepale wodini. Siku mbili kabla ya kuruhusiwa, atakayemlea aje jioni. Kitanda kishushwe mpaka nyayo za mzee zikae zote sakafuni. Apimwe presha akiwa amelala, kisha aketi ukingoni. Asimame, apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zipitiwe upya kabla ya kubishania makao. Isiposhuka, mlezi ampeleke chooni na kumrudisha, muuguzi akitazama bila kugusa. Wakiweza mara tatu, ikiwemo mara moja gizani, nyumbani panawezekana. Wakishindwa, iandikwe ni hatua gani iliyowashinda, kwa sababu kushindwa kuinuka chooni kunaweza kuondolewa na kiti cha juu na vishikio ukutani, bila kumhamisha mtu.