Jumba la Njiro na kijumba cha Sombetini: kodi moja, haki ipi?

Tangu bajeti ya mwaka 2023 ipandishe viwango, nyumba ya kawaida, yaani isiyo ghorofa, inalipa kodi ya jengo shilingi 18,000 kwa mwaka. Hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 1,500 kila mwezi. Ghorofa, ndani ya jiji kama hili letu la Arusha, ni 90,000 kwa kila sakafu. Basi. Hakuna anayeuliza nyumba iko Njiro au Unga Limited, ina vyumba viwili au kumi na viwili, wala ikipelekwa sokoni kesho itauzwa milioni ngapi.

Tupige hesabu. Tuseme seremala wa Sombetini ana nyumba ya thamani ya milioni 30, na mfanyabiashara wa Njiro ana jumba la milioni 600, lenye bustani, kibanda cha mlinzi na maegesho ya magari manne, ila halina ghorofa. Wote wawili wanalipa 18,000. Seremala ametoa shilingi 600 kwa kila milioni ya nyumba yake. Mwenzake wa Njiro ametoa shilingi 30. Halafu seremala akijikongoja, na kwa kuwa kiwanja chake ni kidogo akaamua kupandisha juu badala ya kutanua pembeni, anahamia kundi la ghorofa. Jumba la Njiro linabaki palepale kwenye 18,000.

Kwa mtu anayetazama pengo la mwenye nacho na asiye nacho mjini kwetu, hoja ingeweza kuishia hapo. Lakini wanaotetea kiwango kimoja nao si wajinga, na wana mambo ambayo wapenda haki wengi huyaruka.

La kwanza ni namna ya kukusanya. Kodi ya thamani inahitaji mthamini. Mthamini ni mtu, anakuja nyumbani, anaangalia vigae, anaandika namba. Mwenye fedha anamkaribisha soda na wanaelewana. Asiye na cha kumpa anaandikiwa alichoandikiwa. LUKU haina sura wala shemeji. Ilipoanza kukata kodi hii Agosti 2021 ilileta vurugu kweli, nyumba moja yenye mita tatu ikakatwa mara tatu na watu wakapanga foleni TRA kurekebishiwa, ila ilimfikia hata yule aliyekuwa hajawahi kulipa senti moja. Kodi ndogo inayolipwa na wote inaweza kuwa na haki zaidi kuliko kodi nzuri ya kwenye makaratasi inayolipwa na wanyonge peke yao.

La pili linanigusa zaidi. Nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zimejengwa kwa miaka: mwaka huu msingi, mwakani tofali, mabati yakisubiri mavuno au kiinua mgongo. Kila mfuko wa saruji na kila nondo vimeshalipiwa VAT ya asilimia 18. Sasa mjane wa Kijenge, aliyejenga na marehemu mumewe wakati eneo lile lina migomba zaidi ya watu, leo amezungukwa na hoteli. Kiwanja chake kinaitwa mali, lakini mkononi ana mtaji wa vitumbua. Ukimtoza kwa thamani ya soko, unamwambia auze aondoke. Ni kweli sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe bila kuifanyia biashara, lakini msamaha huo unaombwa, na kuomba ni safari za ofisini, na huyu mama ana miaka 52.

Hapo watetezi wa kiwango kimoja wananishika. Wananiachia tunapofika kwa mpangaji.

Ingia nyumba yoyote ya vyumba sita pale Ngarenaro au Unga Limited, choo kimoja uani, mita moja ukutani. Kila mwezi mpangaji mmoja, mara nyingi yule mama aliyekaa muda mrefu, anazungusha mchango wa umeme. Anakusanya, ananunua tokeni, uniti zinakuja pungufu, kelele zinaanza. Kijana wa bodaboda wa chumba cha nyuma anauliza, "Mama Neema, mbona zimekuja kidogo hivi?" "Wamekata kodi ya jengo, mwanangu." "Jengo la nani?" Baba mwenye nyumba anaishi Sakina, na sheria inasema mdaiwa ni yeye. Kwa maelezo ya serikali yenyewe, mpangaji aliyekatwa amalizane na mwenye nyumba. Ukiwa umechelewesha pango la mwezi huu, utaanzia wapi kumdai baba mwenye nyumba 1,500 yako?

Na kuna jingine kwenye mita hiyohiyo, ambalo silisikii likisemwa sana. Mteja mdogo wa TANESCO, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ana bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Akivuka hapo mara kwa mara anahamishiwa kwenye bei ya kawaida ya shilingi 292. Bei ile nafuu iliwekwa kwa ajili ya walalahoi. Lakini familia sita zinazotumia mita moja, kila moja na taa mbili, redio na chaji ya simu, na mmoja ana kafriji ka kuuzia barafu, zikijumlishwa zinavuka 75, hivyo zote zinanunua kwa bei ya mwenye nafasi. Mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake yenye mita yake anaweza kabisa kubaki kwenye bei ya maskini. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea mpangaji, ila mita zinahesabiwa na watu hawahesabiwi, na matokeo ni yaleyale.

Tukirudi kwenye thamani, kuna swali la nani ameipandisha. Huko Olmoti unajengwa uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Barabara, maji na taa vinavyoufuata vinalipwa na fedha za umma, zikiwemo 1,500 za wapangaji wa Ngarenaro. Mwenye eka mbili jirani na pale anaamka tajiri bila kupiga jembe. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili mapema kabisa: ardhi ikipanda bei kwa sababu ya kazi ya jamii, faida isiishie mfukoni mwa mmoja. Ndiyo maana hata leo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tumeibakiza kanuni, tumeuacha mkono wa kukusanyia.

Sitamani turudi kule tulikotoka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na tunajua nyumba nyingi za namna hiyo zilivyochakaa kwa kukosa mwenyewe. Ila kipengele kimoja cha Azimio la mwaka 1967 lililopitishwa mjini hapahapa bado kinaniwasha: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likakilegeza. Wanaopanga viwango vya kodi ya majengo leo wanaruhusiwa kuwa na majengo mengi ya kupangisha. Sisemi wanajipendelea. Nasema wangekuwa wapangaji, suala la mita lingeshafika bungeni siku nyingi.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa madaraja, si thamani kamili. Ugawe jiji kwa maeneo matatu au manne, utazame ukubwa wa jengo, uache kuhesabu ghorofa kana kwamba ngazi ndiyo utajiri. Mthamini mwenye kalamu hahitajiki. Kabla kodi hii haijapelekwa TRA mwaka 2016, Jiji la Arusha lilikuwa limeshaanza kuorodhesha majengo kwa mfumo wa kompyuta wenye ramani. Mjane wa Kijenge awekewe kodi isubiri hadi nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Jumba la Njiro likilipa laki mbili kwa mwaka halitaanguka, na mwenyewe pengine hatagundua kabla ya Machi.

Mita inaweza kurekebishwa hata kesho bila sheria mpya. TANESCO wagawe uniti 75 za bei nafuu kwa kaya, kwa barua ya mtendaji wa mtaa inayotaja kaya ngapi zipo kwenye mita. Udanganyifu utakuwepo, kama ulivyo kila mahali. Wakati hilo likisubiriwa, mpangaji anayesaini mkataba mpya aandikiwe mstari mmoja: makato ya kodi ya jengo kwenye LUKU yatatolewa kwenye pango. Baba mwenye nyumba atakunja uso, kisha wengi wao watakubali, maana chumba kitupu kinamgharimu zaidi ya 18,000.