Ruaha Mkuu unakaukia kwenye banio

Kila ikifika Septemba au Oktoba picha ni zilezile: viboko wamerundikana kwenye dimbwi la tope ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, mamba pembeni, na mchanga mtupu pale ulipokuwa mto. Zikishasambaa, anatafutwa wa kulaumiwa. Mwaka huu mfugaji, mwakani mkulima wa vinyungu (bustani za mabondeni), mwaka unaofuata miti ya milingoti ya Mufindi. Viongozi wanapanda miche, wanapigwa picha nyingine, mvua inanyesha, tunasahau.

Mimi ni mtu wa Mbeya na wali wa Mbarali ndio ulionikuza, kwa hiyo ninachokisema kinagusa hadi sahani yangu. Ruaha Mkuu unakauka hasa kwa sababu ya maji tunayoyachepusha wakati wa kiangazi kwa mabanio, yaani vizuizi vya kugeuzia mto kwenda mferejini, kabla hayajafika Ihefu. Miti na ng'ombe wana sehemu yao, lakini ni ya pembeni.

Tazama maji yanavyosafiri. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe hutelemka kutoka milima ya Uporoto, Kipengere na nyanda za Mufindi, kisha maji yanatandaa kwenye ardhioevu ya Ihefu, katika bonde la Usangu. (Kuna wanaoijua Ihefu kwa mpira tu. Timu yenyewe siku hizi iko Singida kwa jina jingine, tuiache.) Ihefu hutoa maji yake Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti cha mlango. Kina kikishuka chini ya mwamba ule, hakuna kinachopita kwenda hifadhini, hata kama ndani bado kuna maji ya kuogelea. Na jua la Usangu linaendelea kuyafyonza. Ndiyo maana kinachoamua uhai wa mto si mafuriko ya Machi. Ni yale maji kidogo yanayoingia kuanzia Julai hadi Novemba.

Mto ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Kufikia hapo shamba la Mbarali lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China lilikuwa limezungukwa na majaruba ya mpunga ya wakulima wadogo kila upande, na shamba la Kapunga nalo limeongezeka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza akiwa London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ikaja operesheni ya mwaka 2006 na 2007, wafugaji wakaondolewa Usangu na mifugo yao, wengine hadi Lindi. Mwaka 2008 bonde likaunganishwa na hifadhi. Familia nyingi zilipoteza mali katika safari ile. Mto haukurudi. Ukiondoa ng'ombe wote na mto bado unakauka, hilo ni jibu tosha, ila sikumbuki kama kuna aliyesimama hadharani kulisoma.

Sasa banio. Banio la zamani lilikuwa mawe, magogo, majani na udongo. Lilivuja, na mafuriko yakija lilichukuliwa, watu wakalijenga upya. Uvujaji ule ndio uliokuwa mgao wa wale wa chini. Miradi iliyokuja baadaye ikaweka zege na milango ya chuma, ikaitwa kuboresha umwagiliaji. Watafiti waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliliona tatizo mapema: banio la zege linaweza kuuchukua mto wote wa Oktoba bila kubakiza kitu. Vibali vya maji navyo vikaandikwa kwa lita kwa sekunde, kiasi kilekile mto ukiwa umejaa au umebaki uzi. Mtu akishalipia kibali anaona maji ni yake.

Lakini kwa nini mifereji itiririke Septemba, wakati mpunga ulishavunwa? Bustani zipo, matofali yapo, na wapo wanaowahi kitalu ili wauze mchele kabla bei haijashuka. Hao tunaweza kubishana nao kuhusu kalenda. Jambo zito zaidi ni kwamba vijiji vingi vilivyo mwishoni mwa mifereji vinakunywa, vinapikia na kufulia maji ya mfereji huohuo. Ili mama apate ndoo tatu, maji yanaachiwa kilometa nyingi kwenye mfereji wa udongo. Mengi yanazama njiani, mengine yanaishia kwenye majaruba yasiyo na kitu. Utamwambiaje mama huyo afunge banio? Mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji anayefunga hatapigiwa kura tena, na mimi nisingempigia.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa pa kuweka fedha za kuuokoa mto huu, ningesema visima virefu na mabomba kwenye vijiji vya mkiani, kabla ya mche mmoja zaidi. Kijiji kikiwa na bomba, banio linaweza kufungwa kiangazi bila mtu kulala na kiu.

Kwenye semina za maji huwa tunasimuliwa Arvari, mto wa Rajasthan, India, jimbo lenye jangwa. Wanavijiji wa Alwar wakisaidiwa na Tarun Bharat Sangh walianza miaka ya 1980 kuchimba na kurudishia malambo ya udongo ya kukinga mvua, mpaka mto uliokuwa wa msimu ukaanza kutiririka mwaka mzima. Rajendra Singh aliyewaongoza alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2015. Sisi tunarudi nyumbani tukitamani malambo. Uporoto haina shida ya mvua! Cha kuiga Arvari ni bunge lao la vijiji, wanakokaa wa juu na wa chini kuamua zao gani lisipandwe na nani apunguze maji. Jumuiya zetu za watumia maji zipo kisheria, ila kila moja inakaa na kijito chake, na aliye chini ya Ng'iriama hana kiti.

Huyo wa chini si kiboko peke yake. Maji yakipita Ng'iriama yanapitia hifadhini wanakolipa watalii, yanajaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha yanazungusha mitambo ya Kidatu yenye 204. Wote hao wanapata fedha kutokana na maji ambayo mkulima wa Ubaruku kule Mbarali anaambiwa ayaachie bure. Basi wao ndio wachimbe visima hivyo, na wafanye hivyo kabla mwenyekiti wa skimu hajaombwa ufunguo wa banio.